Gari Lisilo na Kadi

Bi Verna Haugen hakunificha kitu.
"Kadi haipo," alisema kabla hata sijazima injini,
"kwa hiyo kama umekuja na maswali ya ofisini
geuza, njia ni ileile uliyojia."
Nilikuwa nimetoka Minot, maili tisini,
upepo wa Dakota ukinisukuma ubavuni,
dola mia tisa ndani ya soksi.
Sikugeuza.

Ghalani, nyuma ya mashine ya kuvunia ngano,
turubai. Chini ya turubai, pikapu,
Ford ya mwaka sitini na saba,
kijani kilichofubaa kikawa rangi ya njegere zilizolala.
Tairi zote nne zimepiga magoti.
Nikafungua boneti, akatoka paka,
bila haraka,
kama mpangaji aliyekwisha kulipa kodi.

"Einar alilipata kwa Torvald Espeseth,
kwa mitamba miwili na deni la karata.
Walipeana mikono, basi."
Torvald akafa. Kadi, kama ilikuwapo,
ilikwenda naye, au iko kwa binti yake huko Oregon
asiyejibu barua.
Einar naye, Machi mwaka juzi,
akaanguka uani, koleo la theluji mkononi.
Kwa hiyo nanunua kwa mjane
mali ya marehemu aliyenunua kwa marehemu.
Baba yangu angesema nauziwa mbuzi kwenye gunia.
Hapana, baba. Mbuzi namwona, hata meno nimemhesabu.
Gunia ndilo halipo.

Nikalala chali kwenye mavi makavu ya kuku,
tochi mdomoni, nikaitafuta namba ya chesisi.
Kutu ilikuwa imekula sita, au nane.
Nikabandika karatasi, nikasugua kwa penseli,
tarakimu zikajitokeza moja moja
kama watu wanaoamshwa usingizini.
Kijana wa akina Bruneau, naibu sherifu,
akazisoma redioni, mguu mmoja juu ya bampa.
Tukasubiri. Bi Verna akamimina kahawa.
Redio ikakohoa: "Halijaibwa."
Kisha: "Halijulikani kabisa."
Bi Verna akacheka hadi akaweka kikombe chini.
"Miaka arobaini limenipeleka kanisani," akasema,
"na halijulikani."

Risiti aliiandika nyuma ya kalenda ya duka la mbegu.
*Nimeuza*, akaandika, kalamu ikasimama.
Sikumharakisha.
Nikafungua mlango wa dereva, nijifanye nina kazi,
na hapo, kwenye fremu, maandishi ya penseli:
*14 Mei, oili. 2 Agosti, oili, plagi mpya.
Verna hospitali. Oili baadaye.
19 Okt, oili. Verna nyumbani.*
Mstari baada ya mstari, hadi karibu na bawaba.
"Ukilipaka rangi," alisema nyuma yangu,
"hapo usipake."

Bi Pruitt wa dirisha la kaunti hakutaka mlango.
"Kabla yako nani?" Haugen. "Kabla yake?" Espeseth.
"Kabla ya huyo?" Nikamwambia, labda Ford mwenyewe.
Hakutabasamu. Akanipa fomu tatu, kiapo,
dhamana ya kulipia, na miaka mitatu ya kungoja
asije akatokea mtu kusema ni lake.
Nilitia sahihi mara kumi na moja.
Mara ya tisa mkono ulianza kuandika jina la mtu mwingine.

Sasa linatembea. Moshi kidogo asubuhi,
gia ya pili inataka kubembelezwa.
Nina penseli kwenye kisanduku cha glavu.
*6 Sept, oili*, niliandika, chini kabisa,
mwandiko wangu mbaya kuliko wake.

Kadi ilikuja kwa posta mwezi Novemba,
ina muhuri, inang'aa, mistari imenyooka.
Mmiliki: Dwayne Skogstand.
Mimi ni Skogstad.
Nikaisoma mara mbili, nimesimama barabarani,
theluji ya kwanza ikinidondokea kofiani:
gari sasa lina kadi halali kabisa,
ya mtu ambaye hajawahi kuwapo.